Nani Mwenye Nyama? Kisa cha Wazee Watano na Safari ya Kuwinda

Mzee wa Majengo alikuja ofisini kwangu baada ya swala ya alasiri, akaketi, akanisukumia simu yake mezani bila ya kusema neno. Ulikuwa ujumbe wa WhatsApp. "Safari ya kuwinda, siku 3, Taita Taveta. Nyati, pofu, swala. Mwongozaji, bunduki na gari vipo. Nyama yote mnarudi nayo Mombasa. Amana 120,000." Chini yake palikuwa na picha ya karatasi yenye muhuri.

"Mwanangu, hebu nisomee karatasi hii," akasema. "Mimi naona muhuri tu."

Kuwinda si kazi yangu. Napanga safari za Umra, za harusi Lamu na Zanzibar, za wanafunzi waendao Tsavo kutazama ndovu. Lakini Mzee alikuwa rafiki wa marehemu baba, na mtu kama huyo humwambii "nenda kwa mwengine". Kisa chake kilinichukua miezi minne, na tangu hapo nimeulizwa maswali yale yale na watu watatu wengine, ndiyo maana nakiandika chote.

Walikuwa wazee watano, wastaafu wa bandari na reli, wanaokutana kila jioni kwenye baraza moja na kahawa chungu. Kila mmoja alikuwa tayari kutoa shilingi 250,000. Fikra ilitoka kwa Mzee. Baba yake alifanya kazi reli, Voi, miaka ya sitini, na nyumbani kwao nyama ya pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, ilikuwa ikiingia kama ya mbuzi inavyoingia kwetu. "Nataka kuila tena kabla sijafa. Mara moja tu."

Kosa langu la kwanza nililifanya hapo hapo: nilidhani wote watano wanataka anachotaka yeye. Ilinibidi niende barazani mara mbili ndipo nikapata picha kamili. Mzee alitaka ladha. Wa pili, aliyekuwa askari wa bandari, alitaka kupiga bunduki. Nyama kwake ilikuwa ziada. Wa tatu alipika melini miaka mingi na alitaka kuipika hiyo nyama kwa mkono wake. Wa nne alitaka pembe za kutundika sebuleni. Wa tano alikuwa akimwoza mwanawe na alipiga hesabu kwamba nyati mmoja angempunguzia gharama za biriani. Watu watano, safari tano, ujumbe mmoja wa simu.

Nikaanza na karatasi. Tarehe ilifunikwa na kidole cha aliyepiga picha, lakini nilipoikuza nikaona mwisho wa mwaka: 98. Kilikuwa kibali cha kuvuna wanyama katika shamba la mifugo, na inawezekana kabisa kilikuwa halali siku kilipotolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ilianzisha mpango wa majaribio ambapo wenye ardhi sehemu kama Laikipia, Machakos na Nakuru walipewa idadi maalum ya wanyama wa kupunguza, na nyama ikauzwa hadi katika hoteli za Nairobi. Mpango huo ulifungwa mwaka 2003. Hata ulipokuwa hai haukuwa uwindaji wa wageni: wenye ardhi ndio waliopunguza wanyama wao, hakuna mstaafu kutoka Mombasa aliyekabidhiwa bunduki.

Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku Kenya Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafungwa pia biashara ya ngozi, pembe na vinginevyo vitokavyo kwa wanyama hao. Mzee aliponisikia akasema kweli, anakumbuka, nyama ilikatika ghafla kama maji ya mfereji. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imekaza zaidi. Kuwinda kwa starehe ni kosa peke yake. Na kuna kifungu kinachowashtua wengi: kukutwa tu na nyama ya mnyama wa porini, hata kama hukumwua wewe, ni kosa. Sheria ilipopitishwa iliweka faini isiyopungua shilingi 200,000, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili.

Kwa hiyo sentensi ya hatari katika ujumbe ule haikuwa ile ya nyati wala ya bunduki. Ilikuwa "nyama yote mnarudi nayo Mombasa". Dalali aliyetuma ujumbe ule, kama angekuwa mkweli na akawapeleka kweli, basi safari ya kurudi kutoka Voi ingekuwa ya wazee watano ndani ya Probox, na ushahidi ndani ya friji ya barafu. Na kama si mkweli, amana ingekwenda na laini ya simu ingezimwa. Nilimwambia Mzee kwamba kati ya hayo mawili, heri kuibiwa.

Mwenye harusi hakukubali upesi. "Mbona Wasanye walikuwa wakiwinda na hakuna aliyewauliza?" Waliulizwa, tena vibaya. Waata, tuwaitao Wasanye, walikuwa mabingwa wa upinde mrefu na mshale wa sumu katika nyika yote ya nyuma ya pwani, na upinde huo uliangusha hata ndovu. Tsavo ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948, kazi ya mababu zao ikawa ujangili, na kwenye operesheni ya 1957 wengi wao waliishia jela. Nikamwambia: ikiwa wenyewe nyika walifungwa, wewe wa Majengo utajitetea vipi?

Sasa shemegi. Kila kisa cha Mombasa kina shemegi Tanga. Huyu wa Mzee alisema anaye jirani mwenye leseni ya kuwinda kama mwananchi wa Tanzania. Waje, watoke naye, mambo yatakuwa kimya kimya. Leseni haikopeshwi. Mgeni anayepiga risasi kwa jina la mwengine ni jangili mwenye pasipoti.

Lakini Tanzania yenyewe ilistahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu huko kuwinda kumeruhusiwa. Walifunga mwaka 1973, wakafungua 1978, yaani jirani alifungua mlango mwaka mmoja baada ya sisi kuubana wetu. Pale karibu kabisa na mpaka, Mkomazi, wengi hudhani ndipo pa kuwindia. Hapana, sasa ni hifadhi ya taifa, na bunduki haiingii. Mgeni anawinda kupitia kampuni yenye kitalu, yaani eneo maalum la kuwindia, msimu unafunguliwa Julai mosi, anaongozana na mwindaji bingwa, na askari wa wanyamapori yupo ubavuni kuona kila risasi inaingia kwenye leseni. Ni mfumo wenye utaratibu. Bei zake ndizo zilizotutoa. Nilipouliza gharama ya nyati mmoja, ada za serikali, kitalu, kambi na siku za chini wanazokubali kuuza, fungu lote la wazee watano halikumtosha mzee mmoja.

Nikauliza swali jengine, na nadhani hili ndilo lililonifungua macho. Nikauliza: nyama inakwenda wapi? Jibu likaja bila ya kusita. Mgeni anachukua pembe, fuvu na ngozi. Nyama inaliwa kambini, nyengine wanapewa watu wa vijiji vya jirani.

Tafakari hapo. Biashara yote ile, ndege ndogo, mahema, mwindaji bingwa, bunduki ya .375, imejengwa kumpelekea mtu pembe. Nyama ni baki. Mzee wangu alikuwa anataka kununua baki kwa bei ya pembe. Kuanzia siku ile, kila kampuni niliyoipigia nilianza na swali moja kabla ya bei: mnyama akianguka, nyama ni ya nani? Wa nne, mwenye kutaka pembe, alijitoa aliposikia bei. Alisema atanunua za ng'ombe wa Ankole, ni ndefu zaidi. Sikubishana naye.

Shemegi hakukata tamaa. Akakumbusha kwamba tangu 2020 Tanzania ina kanuni za mabucha ya nyamapori, mtu ananunua kilo zake na anapewa stakabadhi. Hii ilikuwa njia rahisi kuliko zote, na niliwaambia hivyo: basi la asubuhi kutoka Mwembe Tayari, mnavuka Lunga Lunga, mnatafuta bucha lenye kibali, mnapika, mnakula, mnarudi na mizigo mitupu. Mwenye harusi akauliza kama stakabadhi ya Tanzania itamlinda akivuka na kilo 50. Nikamwambia stakabadhi ile inamaliza kazi yake pale Horohoro. Naye akajitoa, akaenda kununua ng'ombe wawili Mariakani, na biriani tuliila wote.

Mzee ndiye aliyeikataa njia ya bucha, kwa swali ambalo sikulitarajia. "Nani kamchinja?" Shemegi hakujua. Akauliza, akaambiwa kapigwa risasi na kibali kipo. Mzee akanyamaza, na mimi nikaelewa kuwa tumekuwa tukipanga safari nzima na tumeruka jambo la kwanza.

Twende kwa shehe. Alitusikiliza, akacheka kidogo, kisha akatupa darasa la saa nzima, nalifupisha. Mawindo ni halali kwa nassi ya Qur'ani. Mwindaji ataje jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua. Risasi inapenya na kutoboa, kwa hiyo hukumu yake ni ya mshale, si ya rungu, ingawa wapo wanazuoni waliotia shaka. Mnyama akifikiwa akiwa hai, achinjwe, asiachwe afe. Akikutwa amekufa kwa jeraha lile, analiwa. Lakini akianguka majini akafia humo, aachwe, kwa hadithi ya Adiy bin Hatim, maana hujui ni risasi iliyomwua au maji. Anayepiga awe Muislamu, au angalau mtu ambaye kichinjo chake kinakubalika. Mwongozaji ambaye dini yake hatuijui asiwe ndiye anayemaliza mnyama. Ngiri ni nguruwe, ametoka. Mpishi akauliza kuhusu punda milia, na shehe akasema punda wa porini ana ruhusa yake, wa kufugwa hana. Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na hamu.

Masharti hayo yalifanya chaguo liwe jembamba kuliko pesa zilivyolifanya. Nikaelekea Afrika Kusini. Kule mashamba ya wanyama ni mali ya mtu: sheria yao ya 1991 inamtambua mwenye shamba lililozungushiwa ua wa kutosha kuwa mmiliki wa wanyama walio ndani. Swali langu la "nyama ni ya nani" likapata jibu la neno moja kwa mara ya kwanza. Ni yangu, akasema bwana shamba wa Limpopo, na nikikuuzia ni yako. Viza haikuwa tatizo tena. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90. Kilichobaki ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo wazee walikuwa wameipoteza wote, na chanjo yenyewe lazima ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari.

Ikaja habari njema zaidi. Shamba lenye ua hujaa. Wanyama wakizidi malisho, bwana shamba anataka wapungue, na anaotaka wapungue ni majike. Jike wa swala pala hana pembe. Kwa mtu wa pembe ni hasara, kwa hiyo bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya dume. Kwa mtu wa nyama ni yule yule, tena mlaini. Jike ana kilo 40 hadi 50 hivi akiwa hai. Ukitoa ngozi, kichwa, matumbo na mifupa unabaki na nyama ya kilo 18 au 20. Wazee watatu kwa siku nne hawawezi kuzimaliza.

Na pofu? Mzee alibana midomo nilipomweleza. Pofu dume anafika kilo 900. Hata jike mdogo ni nyama ya mtaa mzima, na ukilipa umemlipa wote, kisha unaacha robo tatu yake kwenye chumba baridi cha mtu. Bwana shamba alijitolea kutuuzia pofu kwa kilo, kutoka kwa mnyama aliyepigwa na mgeni mwengine wiki iliyopita. Mzee akauliza swali lake. Jibu likawa lile la Tanga. Basi pofu akatoka kwenye orodha, yeye ambaye ndiye aliyeianzisha.

Mkataba niliuandika mwenyewe, kurasa mbili, na vipengele vingine vilimshangaza bwana shamba. Cha kisu kilituchukua simu tatu. Mafundi wa kukausha vichwa hawataki koo likatwe, linaharibu ngozi ya shingo, kwa hiyo waongozaji wa kule wamezoea kuzuia kisu. Nilipomwambia hatutaki kichwa, hatutaki shingo, mkate mnavyotaka nyie baada yetu sisi, akatulia. Tukaandika: anayefyatua ni mgeni tu, mnyama akiwa hai, mgeni ndiye anayechinja, nyama yetu inatundikwa mbali na ya ngiri, kwa ndoano na visu vilivyooshwa, nyama iliyo karibu na jeraha, shubiri moja kila upande, inatupwa, kwa sababu risasi laini humwaga vipande vya madini ya risasi usivyoviona, chumba baridi kisizidi nyuzi 7. Kuwinda kufanywe siku mbili za mwanzo ili nyama ipate kupumzika kabla ya kuliwa. Nyama haitoki shambani.

Naye akaweka chake, cha kawaida katika biashara hiyo duniani kote: damu ikionekana, umelipa. Ukimjeruhi mnyama asipatikane, ni wako kwa bei kamili. Nikasaini bila ya kufikiri. Ningefikiri.

Waliondoka Juni. Baridi ya asubuhi ya Limpopo ilimkuta Mzee na koti la kuazima na kofia ya kiua juu ya skafu. Siku ya kwanza ilikuwa shabaha: Askari aliegemeza bunduki juu ya fimbo tatu zilizofungwa, akapiga ubao mpaka mwongozaji akaridhika. Siku ya pili, saa tatu, jike wa kwanza aliangukia pale pale alipopigwa, bado anahema. Mzee ndiye aliyeshika kisu. Alikuwa amekitia makali Mombasa na kukiweka kwenye sanduku la mizigo.

Wa pili alipigwa alasiri, kama hatua 80 kutoka kwenye bwawa la kunyweshea. Risasi ilikwenda nyuma kidogo. Akakimbilia anakokimbilia kila siku akitishika, akaingia majini, na walipofika alikuwa ameelea. Mwongozaji akamvuta nje akitabasamu, amepatikana. Wazee walisimama ukingoni wakitazamana. Nilipigiwa simu nikiwa Mombasa sokoni, nikampigia shehe, jibu nikalijua kabla hajapokea. Wafanyakazi wa shamba walimla, na malipo yakabaki yetu. Mkataba wangu wa kurasa mbili ulikuwa na shubiri, nyuzi na ndoano, na haukuwa na mstari mmoja unaosema tusipige karibu na maji. Mwongozaji hakuwa na kosa: kwake yeye bwawa ndipo wanyama walipo. Anayepanga safari kama hii kwa Waislamu aanze na ramani ya shamba, aulize maji yako wapi, aweke umbali kwa maandishi.

Mpishi alipika usiku wa tatu. Alibeba bizari, pilipili manga, na makopo ya tui kutoka nyumbani, na kwa kuwa swala hana mafuta alimchemsha taratibu kwanza, hakumkaanga. Mke wa bwana shamba aliomba aandikiwe mapishi. Askari alikula sahani mbili. Mzee alitafuna polepole, akakamua ndimu, akatafuna tena.

"Nzuri," akasema. "Lakini pofu ana mafuta."

Kesho yake asubuhi waliwaona, kundi zima la pofu ng'ambo ya korongo. Mzee aliomba gari lisimame, akatazama mpaka dereva akazima injini.

Wiki ya pili baada ya kurudi alipita tena ofisini, akaketi pale pale, akanisukumia simu. Ujumbe ulikuwa ule ule, Taita Taveta, siku 3, nyama yote mnarudi nayo. Amana imeshuka hadi 80,000.

"Nisomee muhuri," akasema, huku anacheka.

Muhuri ulikuwa ule ule. Safari hii kidole hakikuwepo, ila mahali pa tarehe palikuwa pamepakwa rangi nyeupe.